Karakana ya Kitengela: Historia Fupi ya Familia ya Vioo vya Rangi

Zaidi ya miaka 40 imepita tangu Nani Croze aanze kazi ya vioo vya rangi kwenye uwanda wa Kitengela, kaunti ya Kajiado, ng'ambo ya mto Mbagathi kusini mwa Nairobi. Kumbukumbu hii nawaandikia wasomaji wa Singida, wanaojenga makanisa, shule na kumbi chini ya jua ambalo Mungu hakutunyima. Atakayeona nimempendelea mwanzilishi asishangae. Nimempendelea kweli.

Nani ni Mjerumani, na kazi yake ya awali ilikuwa kuchora picha kubwa za ukutani. Kabla ya kuhamia Kenya alikaa Serengeti, ambako mume wake wa wakati huo, Harvey Croze, alikuwa akichunguza maisha ya tembo. Harvey huyo ndiye aliyeanzisha pamoja na Cynthia Moss utafiti wa tembo wa Amboseli mwaka 1972. Kwa hiyo nasi wa upande huu wa mpaka tunaruhusiwa kudai kipande cha sifa, hata kama majirani zetu Wakenya watacheka.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama huyu akapiga kambi Kitengela. Palikuwa nyika ya malisho ya Wamaasai, ikipakana na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi upande ule wa kusini usio na uzio, ambako nyumbu, twiga na simba huvuka bila kubisha hodi. Mtu wa hesabu za biashara asingefungua duka pale. Wateja wako mjini na njia ni mbovu. Kutoka upande wa pili wa bonde, mgeni huvuka kwa daraja la kamba linaloning'inia juu ya Mbagathi, na wengi huvuka wakimtaja Muumba wao. Hata hivyo mahali hapo palikuwa na nafasi, na aliyezoea kuchora ukuta mzima hawezi kufanya kazi katika chumba cha kupanga.

Tatizo lilikuwa kioo chenyewe. Kioo cha rangi cha madirisha ya kanisa kilikuja kwa meli kutoka Ulaya, kwa bei ya kukatisha tamaa, na vipande vyake huunganishwa kwa mikanda ya risasi ambayo nayo ni ya kuagiza. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Badala ya kungoja makontena, karakana ikageukia vioo vikuukuu: vya madirisha yaliyovunjika na vya chupa zilizotupwa. Vinaoshwa, vinachambuliwa, vinayeyushwa kwenye joto linalozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi. Kuchambua si anasa. Kioo cha chupa na kioo cha dirisha havitanuki na kusinyaa kwa kiasi kimoja, na ukivichanganya, kazi ya siku nzima itapasuka yenyewe ikipoa. Rangi hutoka kwenye madini: kobalti kidogo sana huleta bluu nzito, shaba huleta kijani kinachoelekea samawati.

Uji huo wa moto humiminwa uwe vibamba vyenye unene wa kama sentimeta 2.5, kisha hupozwa taratibu. Fundi huvunja kibamba kwa nyundo, akipasua kingo makusudi ili mwanga ukatikie humo. Vipande hupangwa kwa mchoro, nafasi kati yao hujazwa saruji yenye nondo nyembamba, na dirisha linakuwa sehemu ya ukuta. Mbinu hiyo ilizaliwa Ufaransa kati ya vita viwili vya dunia, katika karakana ya Jean Gaudin mjini Paris. Gabriel Loire, aliyefungua karakana karibu na Chartres mwaka 1946, aliieneza hadi Berlin, ambako kanisa la ukumbusho la Kaiser Wilhelm lililozinduliwa mwaka 1961 lina zaidi ya vipande 20,000 vya kioo chake. Wajukuu wa Loire wameendelea na kazi ya babu yao.

Wajenzi wa Singida nawaomba wasimame hapa kidogo. Dirisha la namna hiyo linahitaji saruji, nondo na kioo kikuukuu, na vyote hivyo vinapatikana Singida mjini. Upepo wetu, ule ule unaowavutia wapangaji wa mitambo ya umeme, hautalitikisa, na jua la saa nne asubuhi litafanya lililobaki.

Hakuna mabaki yaliyotupwa Kitengela. Yaligeuka mabenchi, kuta, njia za miguu, mapaa ya kuba na sanamu za wanyama, hata eneo zima likawa daftari la kazi zake: ukitaka kujua tanuru lilimwaga rangi gani, tazama ukuta. Eric Krystall, msomi wa sosholojia mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye Nani aliolewa naye baadaye, alikuwa na vituko vyake vya heri. Yeye alishughulika na uzazi wa mpango na kutumia vikaragosi kufundisha watu afya. Nyumba yenye watu wawili wa aina hiyo haikosi wageni.

Miaka iliyofuata naipitia haraka. Katika miaka ya 1990 Anselm Croze, mtoto wa Nani, alileta upulizaji wa kioo: glasi, majagi, taa, mabakuli. Tanuru likawashwa kwa mafuta machafu ya injini yakisukumwa na mvuke. Bidhaa zikaingia maduka ya Nairobi. Kukawa na shirika la utafiti na mafunzo, na vijana wakafundishwa kukata, kuyeyusha na kupanga vioo. Kitengela Hot Glass ya Anselm ikajitegemea, na karakana ya mama ikabaki na jina lake, jirani kwa jirani. Arusha nako kukatokea Shanga, ambako watu wenye ulemavu hupuliza vioo vya chupa zilizotumika. Miaka ya watalii wachache, 2008 na 2020, nayo ilipita. Mji ulisogea, viwanja vikagawanywa, uzio ukaongezeka, njia za wanyama zikabanwa.

Linalonisumbua ni kumbukumbu za maandishi. Pale London, James Powell alinunua kiwanda cha vioo cha Whitefriars mwaka 1834. Warithi wake walipohamia Wealdstone mwaka 1923, walibeba moto kutoka tanuru la zamani wakawashia jipya. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini vitabu vyake vya oda vimehifadhiwa, na mtunza kanisa anayetaka kujua dirisha lake liliagizwa lini ana mahali pa kuuliza. Walioandika oda hizo wala hawakuwa wanahistoria. Walikuwa makarani.

Kazi za karakana kama ya Kitengela zimetawanyika katika kuta za watu wengine, na majina ya mafundi waliopanga vipande na kumimina saruji hayako humu. Hata mimi nimejaza nafasi kwa waanzilishi. Huku kwetu majengo ya Jimbo Katoliki la Singida, lililoundwa mwaka 1972, na ya KKKT Dayosisi ya Kati hayajazeeka kiasi cha kupoteza mashahidi wote. Basi kila parokia, usharika, shule au hoteli yenye dirisha la kioo cha rangi, la fundi yeyote, ipige picha mchana, iandike mwaka, aliyeagiza, aliyelipa na fundi aliyelipanga kwa jina lake. Nakala moja ikae kwenye faili la jengo, nyingine ipelekwe kwa karakana iliyolitengeneza.