Nani Alipandisha Mafuta?

Kila tarehe 14 EPRA ikitangaza bei mpya, kwenye matatu lawama zote huenda kwa serikali. Mimi nasema tuzigawe. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipokata mafuta, bei duniani ilipanda karibu mara nne. Hapo mwanasiasa wa Nairobi hakuwa na lake. Lakini VAT haikutoka Uarabuni. Septemba 2018, baada ya wananchi kupiga kelele, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 8. Julai 2023 ikarudishwa 16, na Septemba petroli ikapita shilingi 200 kwa lita. Dola nayo ilikuwa imepanda, kweli. Ila dola haipigi kura Bungeni. Waliosema ndio, majina yao yako kwenye Hansard. Tuyasome kabla ya 2027.