Dawa Iliyoshindwa Mara Tatu: Kadhia ya Iressa na Saratani ya Mapafu

Mwezi Julai 2025 ilitimia miaka 10 tangu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iirudishie idhini Iressa, dawa ya saratani ya mapafu ambayo mamlaka hiyo hiyo iliipokea mwaka 2003, ikaiwekea mipaka mikali mwaka 2005 hata isiandikiwe wagonjwa wapya, na mwishowe ikaifutia idhini mwaka 2012. Kadhia hii yastahili kusimuliwa kwa kituo, kwani ndani yake mna jambo ambalo matabibu walijifunza kwa kuchelewa, na waliolipia kuchelewa huko ni wagonjwa.

Kabla ya Iressa, dawa za maradhi haya hazikuwa na mengi ya kujivunia. Za mwanzo zilitokana na sumu za vita. Ikafuata sisplatini, na mwaka 1995 watafiti waliyajumlisha majaribio 52 yenye wagonjwa zaidi ya 9,000, wakathibitisha kuwa dawa hiyo humwongezea umri mwenye saratani iliyoenea, walakini kwa majuma machache tu. Mwaka 2002 Joan Schiller na wenzake waliposhindanisha mchanganyiko wa namna nne wa tibakemikali, hapana uliomshinda mwenziwe, na nusu ya wagonjwa walikuwa wamekwisha fariki kabla ya kutimia miezi minane.

Ndipo kampuni ya AstraZeneca ya Uingereza ilipoleta kidonge cha kumezwa nyumbani mara moja kwa siku, kisichoua kila seli inayogawanyika kama zifanyavyo sumu zile, bali chenye kuziba kipokezi kimoja ambacho hupeleka amri ya kukua ndani ya seli ya saratani. Majaribio mawili makubwa, yaliyoitwa INTACT, yaliwakusanya wagonjwa zaidi ya 2,000, wote wakapewa tibakemikali, baadhi wakiongezewa Iressa na wengine kidonge kisicho na dawa; matokeo yakawa sawasawa, kana kwamba Iressa haikuwamo. Hata hivyo palikuwa na wagonjwa wachache, takriban mmoja katika kila kumi miongoni mwa waliokwisha shindwa na dawa nyingine, ambao uvimbe wao ulinywea kwa namna ya kustaajabisha, na tarehe 24 Septemba 2002 baadhi ya watu wa jinsi hiyo walisimama mbele ya baraza la washauri wa mamlaka ya Marekani, wakashuhudia kwa vinywa vyao kuwa wangali hai. Baraza likapiga kura, 11 dhidi ya 3, dawa ikubaliwe. Wapo waliosema kuwa machozi yameishinda hesabu, na kwa siku ile hawakuwa na makosa ya kusema hivyo.

Wakati huo Japani ilikuwa imekwisha tangulia. Ilitoa idhini tarehe 5 Julai 2002, ya kwanza duniani, baada ya miezi mitano tu tangu maombi yapelekwe, na sifa za kidonge kisichonyonyoa nywele wala kutapisha zikaenea magazetini hata wagonjwa wakakitaka wenyewe. Haukupita muda baadhi yao wakaanza kubanwa na pumzi, kwani dawa iliwazushia uvimbe usio wa saratani katika nyama ya mapafu yenyewe, na waliokufa kwa ajili hiyo katika nusu mwaka wa kwanza walizidi mia moja. Tarehe 15 Oktoba ilitolewa tahadhari ya dharura. Wafiwa waliishtaki kampuni huko Tokyo na Osaka mwaka 2004, na ugomvi ukaja kusimama juu ya jambo dogo kwa macho, zito kwa maana: madhara hayo yalikuwa yameandikwa katika karatasi ya maelezo, lakini katika nafasi ya nne ya madhara makubwa, si katika fungu la maonyo lililo juu. Mahakama za mwanzo, mwaka 2011, ziliona kampuni ina dhima. Mahakama za rufani zikapindua hukumu. Na Aprili 2013 Mahakama ya Juu Kabisa ya Japani ikaiondolea kampuni dhima, ikisema kuwa onyo lilitosha kwa kadiri ya maarifa ya wakati ule. Sheria yaweza kuwa ilisema kweli. Kwa insafu, mstari wa nne si mahali pa kuweka mauti.

Kilichoitegua kadhia nzima kilichapishwa mwezi Aprili 2004, wakati makundi mawili ya watafiti wa Boston, moja la Massachusetts General Hospital na la pili la Dana-Farber, yalipochunguza jeni za uvimbe. Kundi la kwanza liliona mabadiliko katika jeni ya kipokezi kile kwa wagonjwa 8 katika 9 waliosaidiwa na Iressa, na hata mmoja katika 7 ambao haikuwafaa hakuwa nayo. La pili likaona mabadiliko hayo katika vimbe 15 kati ya 58 za Wajapani, na katika moja tu kati ya 61 za Marekani. Lakini jaribio jingine kubwa, ISEL, la wagonjwa 1,692, lilikuwa limekwisha wapokea watu bila ya kipimo hicho, na Desemba ya mwaka ule ule likatangaza kushindwa: miezi 5.6 ya uhai kwa wenye Iressa, 5.1 kwa wasio nayo. Ilikuwa kama mtu kuwakusanya wenye homa wote, wa malaria na wa nimonia na wa homa ya matumbo, akawanywesha kwinini pamoja, kisha akahesabu waliopona na kutangaza kuwa kwinini si dawa.

Ithibati ilitoka Asia. Jaribio la IPASS, lililoongozwa na Tony Mok wa Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2009, liliwahusu wagonjwa 1,217 ambao wengi hawakuvuta tumbaku kamwe. Miongoni mwa waliopimwa jeni na kupewa Iressa, uvimbe ulinywea kwa 71 katika kila 100 wenye mabadiliko, na kwa mmoja tu katika kila 100 wasio nayo, ambao maradhi yao yaliwakimbilia upesi zaidi kuliko wenzao wa hali hiyo hiyo waliopewa tibakemikali. Ulaya ikaikubali dawa mwaka huo huo, kwa sharti la kipimo. Marekani ikafuata 2015. Tangu hapo zimekuja nyingine zenye nguvu zaidi, osimertinibu ikiwa mashuhuri.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za ukoo huu katika orodha ya dawa muhimu, orodha ambayo serikali zetu hununua kwayo. Huku kwetu, ambako mwenye saratani ya mapafu aghalabu hutibiwa kifua kikuu kwa miezi kabla ya kukatwa kipande cha nyama kikachunguzwe, kuagiza vidonge bila ya maabara ya jeni ni kurudia ISEL kwa fedha za umma, tena bila hata ya kuandika matokeo. Wizara za afya na zianze na maabara.