Waliopotea Kariakoo: Namna ya kuwatafuta jamaa wasiorudi vitani

FAMILIA ya Nyacheki, katika eneobunge la Bobasi, Kaunti ya Kisii, inapohesabu vizazi vyake huenda ikafika kwa mwanamume aliyechukuliwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia asirudi. Hana kaburi, na wajukuu hawajui alifia wapi. Hata hivyo, kumtafuta si kazi bure.

Vita vilifika Gusii mapema. Mnamo Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yaliingia mji wa Kisii, Waingereza wakapigana nayo hapo. Baadaye, hasa mwaka 1917, serikali ya kikoloni iliwakusanya wanaume kwa nguvu kote nchini ili wabebe chakula na risasi za jeshi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi ndilo lililozaa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wengi waliangamizwa na kuhara damu, malaria na njaa, wala si risasi.

Majina yao hayakuhifadhiwa vyema. Vita vilipomalizika, mishahara ya maelfu ya wapagazi ilibaki bila kuchukuliwa kwa kuwa wenyewe au warithi wao hawakupatikana. John Ainsworth, aliyesimamia uandikishaji huo, alitaka fedha hizo ziwafae Waafrika, lakini serikali ya Uingereza ikakataa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa.

Utafutaji huanzia nyumbani. Kwa kuwa Abagusii humpa mtoto jina la jamaa aliyefariki, jina moja huwa la watu wengi katika ukoo. Mzee aulizwe pia jina la baba na la babu wa aliyepotea, mbari yake, yaani egesaku, na nyumba ya mama yake, yaani enyomba. Katika boma la wake wengi, enyomba ndiyo huwatenganisha ndugu wa baba mmoja.

Hatua ya pili ni makanisa. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu ilianzishwa mwaka 1911, na Waadventista walifika Gusii karibu wakati huohuo. Ndugu aliyebaki nyumbani huenda alibatizwa baadaye, na jina la baba yao likaandikwa kitabuni.

Hatua ya tatu ni Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, jijini Nairobi, yanakohifadhiwa ripoti za maafisa wa wilaya za enzi ya ukoloni. Aidha, familia ichunguze masanduku ya zamani. Kipande kilianza kutolewa baada ya vita, kuanzia 1919. Iwapo kipande cha aliyepotea kitaonekana, basi hakufia vitani. Yumkini alihamia mji au shamba la mbali na kuzaa huko.

Wanaotafuta jamaa wa Ireland wamepitia shida kama hii. Moto wa mwaka 1922 uliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka za taifa mjini Dublin. Wahamiaji waliofika Marekani walikuwa wakitafutana tangu 1831 kupitia matangazo ya gazeti la The Pilot la Boston, yaliyoendelea hadi 1921. Matangazo hayo yalitaja jina la mtu pamoja na parokia au kaunti alikotoka, na leo wajukuu huyatumia kuziba pengo la nyaraka zilizoungua.

Kwa Nyacheki, maelezo ya aina hiyo bado yamo vinywani mwa wazee. Yafaa yaandikwe sasa, pamoja na jina la msimulizi na tarehe, na nakala ziwekwe katika nyumba zaidi ya moja za ukoo.