Mifuko Nimeihesabu, Maji Je?

Mhariri wetu amenitaka niwaandikie ndugu zangu tuliosoma pamoja Kibiti, pamoja na vijana waliopo madarasani sasa, machache juu ya shahada ya pili niliyoisomea nikiwa mtu mzima. Nimekubali kwa furaha, lakini sitaanzia chuoni. Nitaanzia huku kwetu mtoni, maana ndiko somo lenyewe lilikoanzia.

Kwa karne nyingi delta ya Rufiji iliuza miti ya mikoko Unguja, Uarabuni na Ghuba. Miti ilichaguliwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo, ikahesabiwa kwa korija, yaani 20 kwa 20. Upana wa vyumba katika nyumba za mawe za pwani yetu ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi. Basi mkataji, mchukuzi na nahodha walifuatana kama shanga katika uzi mmoja. Akichelewa wa kwanza, wa mwisho aliukosa upepo. Hakuna aliyeuita mpango huo usimamizi wa ujenzi, lakini ndivyo ulivyokuwa. Baadaye watu wa Ghuba walipata mafuta, wakajenga kwa zege, na mwaka 1987 Serikali yetu ikapiga marufuku ukataji wa mikoko. Biashara ile ikafifia, na hesabu yake ikaanza kusahauliwa.

Sisi tuliosoma mwishoni mwa miaka ya 1990 tuliionja adha ya kukosa njia. Wenzetu wa Kilwa na Lindi walivuka mto kwa kivuko pale Ndundu, na wakati wa masika walifika shuleni muhula ukiwa umekwisha anza. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003. Siku nilipolivuka mara ya kwanza niliwaza juu ya vyuma na saruji tu. Sikuwaza juu ya aliyepanga kipi kitangulie na kipi kifuate.

Chuo nilichosoma kina historia yake. Kilianza mwaka 1956 kama shule ya wapima ardhi, kikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi. Nchi yenyewe ilikwisha kuona haja ya kuusimamia ujenzi: Baraza la Taifa la Ujenzi liliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na mwaka 1997 zikatungwa sheria za kusajili makandarasi, wahandisi, wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi. Mimi nilichukua shahada ya kwanza ya uchumi wa majenzi, nikaajiriwa serikalini, nikajiona nimekamilika.

Kumbe bado. Mwaka mmoja nilipewa kazi ya kusimamia ujenzi wa madarasa mawili katika kijiji kimoja cha delta kisichofikika ila kwa mashua. Ili kupunguza gharama za usafiri, niliagiza saruji yote, mifuko 300, kwa safari moja ya mwezi Machi. Mashua ilifika maji mafu, ikakwama kwenye tope siku tano. Masika yakaanza. Vibarua wakaenda kwenye madungu kulinda mpunga. Mabati yalipofika mwezi Juni, saruji ilikuwa imeganda kuwa mawe. Watoto wakasoma mwaka mwingine chini ya mwembe. Kosa lilikuwa langu, si la mwingine.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa nahodha alinitazama, akasema, “Mwanangu, mifuko umeihesabu. Maji je?” Sikuwa na jibu.

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha chuoni nikiwa na miaka 41, mke na watoto wakibaki Kibiti, kusomea shahada ya uzamili ya uchumi na usimamizi wa ujenzi. Wenzangu darasani walikuwa na umri wa wadogo zangu. Huko nilijifunza njia ya kupanga kazi iliyobuniwa Marekani mwaka 1957 na Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand. Unaorodhesha kila kazi, muda wake, na kazi inayoitangulia. Kisha unaitafuta safu ndefu kuliko zote: kazi yoyote ya safu hiyo ikichelewa siku moja, jengo zima huchelewa siku moja. Nyingine zina nafasi ya kungoja. Nilipoichora kwa ajili ya delta, niliona kwamba bamvua na masika vimo katika safu hiyo. Yule mzee alikuwa ameniambia jambo lile lile bila ubao wala chaki.

Niliporudi kazini nilipewa jengo jingine huko huko. Safari hii nilianza na mwezi wa mvua, nikahesabu kurudi nyuma. Saruji niliileta kwa safari tatu, kila moja wakati wa bamvua, na mafundi tukakubaliana nao kabla ya msimu wa mpunga. Nauli ilizidi, lakini hakuna mfuko ulioganda, na paa lilikuwa juu kabla ya masika.

Hata hivyo, wale watoto wa chini ya mwembe sikuwarudishia mwaka wao. Hilo silisahau.

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, someni hesabu na fizikia kwa bidii, na mkijaliwa fikeni chuoni. Lakini mkipewa kazi ya kujenga mahali, kwanza kaeni na wazee wa hapo, muwaulize maji hujaa lini.