Kazi Ndani ya Hadithi: Filamu za Katuni, Michezo ya Kompyuta ya Watoto na Simulizi za Kanda ya Ziwa

Barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma inapita mbele ya lango la Ndabaka, pale ambapo ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti unakaribia kuigusa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Watoto wa Lamadi na vijiji vya jirani wanakulia karibu na simba wa kweli. Simba ambaye wengi wao wanamjua kwa sura na sauti, hata hivyo, ni yule wa filamu ya katuni The Lion King iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994. Wahusika wa filamu hiyo wamepewa majina yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Baadhi ya waandaaji wake walizuru hifadhi ya Hell's Gate nchini Kenya kutafuta mandhari. Lakini Rafiki ni mandrili, jamii ya nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun, na Timon ni aina ya nguchiro wa nyika kame za kusini mwa Afrika. Serengeti ina nyani wake na nguchiro wake, ila hao wawili hawamo.

Kuhusu kuazimwa huko kwa majina mengi yameshasemwa, hasa mwaka 2018 lilipozuka ombi la mtandaoni la kupinga Disney kusajili maneno Hakuna Matata kama alama ya biashara. Makala hii inashughulikia jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili: mtoto akishaitazama katuni, anapewa nini cha kufanya? Dai langu ni kwamba mchezo wa kompyuta unaotokana na katuni upimwe kwa uhusiano uliopo kati ya kazi anayopewa mtoto na hadithi inayoibeba kazi hiyo. Kwa kipimo hicho, simulizi za Kanda ya Ziwa zina maarifa ya usanifu ambayo watengenezaji wa michezo wangefaa kuyasomea kama wanavyosomea programu.

Michezo hii ina historia fupi. Mwishoni mwa mwaka 1994 Disney ilitoa kitabu cha hadithi cha kompyuta kilichotokana na The Lion King, na mwaka uliofuata ikatoa The Lion King Activity Center. Mwaka 1996 ikaja Toy Story Activity Center, na nyingine nyingi baada yake. Kitabu kile kilipata msukosuko mkubwa siku ya Krismasi ya 1994: kompyuta nyingi za Compaq Presario zilikwama mara tu zilipokifungua, kwa sababu programu haikuwa imejaribiwa na mfumo wa picha wa mashine hizo. Tukio hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoisukuma Microsoft kutengeneza DirectX, mfumo unaoziwezesha programu za michezo kufanya kazi kwenye kompyuta tofauti za Windows. Lilionyesha pia kwamba mtengenezaji asiyekijua kifaa kilicho mikononi mwa mtoto anaandaa machozi, na hoja hiyo nitaihitaji tukifika Mwanza.

Ndani ya diski hizo mtoto alikuta mazoezi: kupaka rangi picha, kupanga vipande vilivyotawanywa, kulinganisha vinavyofanana, kuunda maneno kwa herufi. Sina dharau kwa mazoezi hayo. Filamu haimsubiri mtoto, mchezo unamsubiri. Akikosea anarudia bila kuaibishwa mbele ya darasa, na akipenda ukurasa mmoja anaweza kukaa hapo jioni nzima. Kwa mtoto anayesoma katika darasa lililojaa, ambako mwalimu hawezi kumfikia kila mmoja, subira hiyo ya mashine ni jambo kubwa.

Tatizo liko kwingine. Mwondoe Simba katika zoezi la kulinganisha picha, mweke mwanasesere wa Toy Story, na zoezi halibadiliki hata kidogo. Hadithi imebandikwa juu ya kazi, na kazi haina habari na hadithi. Mtafiti Thomas Malone aliieleza tofauti hii mwaka 1981, akitenga michezo ambayo ubunifu wake uko nje ya ujuzi unaofundishwa na ile ambayo ujuzi na ubunifu vinategemeana. Miaka 30 baadaye, Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth walilipima wazo hilo nchini Uingereza kwa mchezo wa kufundisha kugawanya, ambamo mtoto anawashinda maadui wenye namba vifuani kwa kuwagawanya kwa namba sahihi. Waliulinganisha na toleo ambalo hesabu zilitengwa na pambano na kuletwa kama maswali. Watoto wa toleo la kwanza walijifunza zaidi, na walipoachiwa wachague wenyewe walitumia muda mara saba zaidi katika toleo hilo.

Sasa tuje kwa Wasukuma. Simulizi ya Masala Kulangwa inajulikana sana usukumani, nayo inaanza na balaa. Zimwi Shing'weng'we limewameza watu wote wa dunia, isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Anajifungua mtoto wa kiume. Mtoto akikua anauliza mbona wako wawili tu, wengine wako wapi? Anaambiwa. Tangu siku hiyo anaenda kulitafuta zimwi. Anaua panzi, anarudi nyumbani akiimba kwamba amemuua Shing'weng'we. Mama anamwambia huyu ni panzi tu, tumchome tumle. Siku nyingine anarudi na ndege, kisha na mnyama mdogo wa porini, kisha na mkubwa zaidi, na kila mara wimbo ni ule ule na jibu la mama ni lile lile, hadi siku anapokutana na zimwi lenyewe.

Mtu anayeisikiliza kama burudani tu anapitwa na ustadi wake. Kijana amepewa swali moja, zimwi ni lipi, na hana picha wala maelezo. Anajifunza kwa kuleta ushahidi na kusahihishwa. Kila kosa linaongeza ujuzi wake, linaongeza ukubwa wa mnyama anayeweza kumkabili, na tena linaliwa kama kitoweo, maana yake hakuna juhudi iliyopotea. Hadhira nayo inashika wimbo, inaanza kuuimba pamoja na msimulizi, na inajua kabla ya shujaa kwamba bado hajafika. Kuainisha, kulinganisha ukubwa na kukumbuka mfuatano, yale yale yanayojaza michezo ya mazoezi, hapa ndiyo mwendo wa hadithi. Ukiyaondoa, hadithi inakufa.

Wala si usukumani peke yake. Edward Steere, katika mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili uliochapishwa mwaka 1870, alikuwa na hadithi ya Sultani Majinuni, ambamo mwana wa mwisho anatoka kumsaka nunda mla watu na kumletea mama yake mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mara akiambiwa siye. Umbo moja liko kwenye pwani ya bahari na kwenye pwani ya ziwa. Nadhani limedumu kwa sababu linamfanyisha msikilizaji kazi.

Mchezo unaotokana na simulizi hiyo ungeanza na katuni fupi ya makapi na kilio cha mtoto mchanga, kisha ungemkabidhi mchezaji pori. Akirudi na mnyama, sauti ya mama ingemweleza kwa nini huyu siye: ana miguu sita, anataga mayai, anakula majani. Maelezo hayo ndiyo dokezo la safari inayofuata. Wanyama wawe wa hapa: panzi, kwale, digidigi, pofu, mamba na kiboko wa ziwani. Sauti iwe ya mtu anayekijua Kisukuma, na Kiswahili kifuate, kwa kuwa mtoto wa Kisesa au Misungwi huingia shule na lugha mbili na hakuna sababu ya kumnyang'anya moja mlangoni.

Wapo watakaosema tafsiri inatosha: chukua mchezo uliokwisha tengenezwa, weka Kiswahili, gharama ni ndogo. Hoja hiyo ina mizizi mizuri kwetu. Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, alijenga jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, vimewafundisha Watanzania wengi kufurahia filamu ambayo sauti yake imefunikwa na sauti ya mtu wetu. Lakini Lufufu hakuwa akitafsiri tu; alieleza, aliongeza, aliihamisha filamu kuja kwa watazamaji wake. Aliweza kwa sababu filamu humwachia msimulizi nafasi. Zoezi la kompyuta halimwachii. Jibu sahihi limeshafungwa ndani ya programu, na kama jibu hilo ni kutambua theluji au treni ya umeme, sauti ya Kiswahili juu yake haimsaidii mtoto wa Sengerema.

Kwamba njia nyingine inawezekana si ndoto. Ubongo, taasisi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, ilianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC1 Januari 2014. Katika katuni hizo wahusika wanakwama kwa sababu ya tatizo la hesabu au sayansi, na hawatoki hadi walitatue. Watazamaji nao waliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Katuni yao ya watoto wadogo, Akili and Me, ilifanyiwa utafiti na Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland miongoni mwa watoto wa Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha maendeleo katika kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora. Tanga kulifanyika jaribio kubwa zaidi kati ya 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE: karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili zilizofanya kazi bila intaneti, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana tuzo ya dola milioni 10, na programu za shindano ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia na kuzibadilisha. Mhandisi kijana wa Nyegezi au Ilemela, kwa hiyo, haanzi kutoka sifuri.

Atakachopaswa kukijua ni kifaa. Hapa Mwanza, iwe Igogo, Mabatini au Mwaloni Kirumba, mtoto hana kompyuta yake. Ana dakika chache za simu ya mama au ya kaka, simu yenye kioo kilichopasuka na bando linalohesabiwa, na pembeni wamekaa wadogo zake wakidai zamu. Michezo ya Activity Center ilibuniwa kwa mtoto mmoja na mashine moja. Sisi tuna bao, isolo kwa Wasukuma, ambalo wachezaji ni wawili lakini waliouzunguka ubao ni wengi na kila mmoja ana la kusema. Mchezo wa Masala Kulangwa unaweza kugawa sauti hivyo hivyo: mmoja anatafuta, mwingine anakuwa mama, wengine wanaitikia wimbo. Kuchangia simu, ambako sera huhesabu kama upungufu, kunaweza kufanywa sehemu ya kanuni za mchezo.

Jambo moja linanitia wasiwasi kuliko gharama. Simulizi ikishachorwa na kuwekwa kwenye programu, toleo hilo hugeuka kuwa ndilo lenyewe, kama Simba wa Disney alivyogeuka kuwa ndiye simba. Kituo cha Bujora, Kisesa, kimehifadhi mengi ya Wasukuma, na katika sikukuu ya Bulabo wafuasi wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu bado wanashindana kwa ngoma, mshindi akiwa ni yule aliyevuta umati. Sanaa ya namna hiyo inaishi kwa kutofautiana. Programu inapaswa kuwa na zaidi ya msimulizi mmoja, iwataje kwa majina, iwalipe, na imwachie mtoto nafasi ya kurekodi bibi yake akiisimulia vingine.

Na mwisho wa simulizi usikatwe. Michezo ya kompyuta hufika kilele adui anapoanguka: fataki, alama, nyota tatu. Masala Kulangwa hafungi hivyo. Anapolipasua zimwi mgongoni ili watu watoke, kisu chake kwa bahati mbaya kinakata sikio la kikongwe mmoja aliyekuwa ndani. Kikongwe anakasirika, anamtukana, anajaribu hata kumroga. Kijana hamjibu kwa nguvu iliyoua zimwi. Anatafuta dawa na kumponya, na baada ya hapo ndipo watu wanampa kiti cha utemi. Msanifu atakayeichukua simulizi hii atavutwa sana kusimama pale zimwi linapokufa, kwa sababu kila mchezo aliowahi kuucheza ulisimama hapo. Asisimame. Zoezi gumu kuliko yote ni hilo la sikio: kuna majani mengi porini, mgonjwa amekasirika, na mchezaji hana tena wa kumuua.