Ruzuku: Neno Moja, Fedha za Namna Nyingi

Neno ruzuku lilikuwapo katika Kiswahili zamani kabla halijaingia katika vitabu vya hesabu za Serikali. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lile lile lililotupatia riziki, na hapo awali lilizoeleka kama kitenzi: Mungu humruzuku mja wake. Aruzukuye kwa maana hiyo hadai stakabadhi. Serikali hudai, na hapo ndipo utata wa mfasiri unapoanzia.

Baada ya Uingereza kutoa tamko la sera ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika mwaka 1925, shule za misheni za Tanganyika zilichangiwa gharama na Serikali, kwa sharti la kukubali kukaguliwa na kutimiza kiwango kilichowekwa. Ruzuku ya kiserikali, basi, ilizaliwa pamoja na masharti.

Serikali za mitaa, zilizofutwa mwaka 1972, zilirejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, mojawapo ikiwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Na. 9. Tangu hapo ruzuku imekuwa sehemu kubwa ya mapato ya halmashauri, nayo si ya namna moja. Ipo ya matumizi ya kawaida, kama mishahara; ipo ya maendeleo, kama ujenzi; na kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, ikaja ya kufidia pengo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ulikusudia kila shule ipate ruzuku ya uendeshaji ya kiasi cha dola 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa ajili ya vitabu, vifaa, ukarabati mdogo na mahitaji ya namna hiyo. Ujenzi wa madarasa ulikuwa na fungu lake. Mwalimu mkuu anayeandikiwa “ruzuku” tupu, akaanza kujengea fedha ya vitabu, hujikuta akijibu hoja ya ukaguzi ambayo kivumishi kimoja kingeizuia.

Mbolea ina mkanganyo wake. Chini ya mpango wa vocha za pembejeo ulioanza mwaka 2008, mkulima hakupewa fedha mkononi, bali alipunguziwa bei dukani. Hiyo yafaa iitwe ruzuku ya bei, wala isichanganywe na ile inayoingia katika akaunti ya halmashauri, au ya chama cha siasa.

Wapo wanaopendelea “ruzuku yenye masharti” kwa fedha iliyofungwa na kazi maalumu. Sioni faida yake, kwa kuwa hata isiyofungwa hutolewa hesabu. Afadhali ruzuku mahsusi, na ile ambayo halmashauri yenyewe huipangia matumizi iitwe ruzuku ya jumla.