Majina ya Heshima na Mizigo Yake: Askofu, Padre na Mwalimu katika Ufipa

Katika siku za yubilei desturi yetu ni kusoma majina. Husomwa majina ya maaskofu, mmoja baada ya mwingine, pamoja na miaka yao. Kisha ya mapadre waliojenga misheni. Kisha ya masista na mabruda. Ni jambo jema na la haki. Lakini tukisikiliza vema twaona kwamba walimu, yaani makatekista, hutajwa mwishoni kwa ujumla, au hawatajwi kabisa. Basi twataka kueleza hapa vyeo vya Kanisa vilivyoingia katika nchi yetu, maana ya kila kimoja na kazi yake, ili msomaji apime mwenyewe ni mabega ya nani yaliyoubeba mzigo.

Majina yenyewe yametoka mbali. Papa maana yake ni baba. Askofu ni neno la Kiyunani lililotufikia kwa njia ya Kiarabu, na maana yake ni msimamizi. Padre ni neno la Wareno, nalo ni baba tu. Shemasi limetoka katika lugha za Mashariki, maana yake mtumishi. Monsinyori ni neno la Kiitaliano, yaani bwana wangu. Ni jina la heshima lisiloongeza daraja lolote. Paroko ni padre aliyekabidhiwa parokia aitunze. Katekista ni neno la Kiyunani tena: ni yule afundishaye kwa mdomo, hata neno lisikike masikioni mwa watu. Daraja takatifu ni tatu tu: ushemasi, upadre na uaskofu. Mengine yote ni kazi au heshima. Katekista hana daraja. Ni mlei kama walei wengine.

Wenzetu wa makanisa mengine yaliyomo Ufipa wana majina yao pia: mchungaji, mwinjilisti, mzee wa kanisa. Kwa Wamoravian askofu ni mlezi wa roho, na uongozi wa jimbo hushikwa na mwenyekiti pamoja na halmashauri yake. Hivyo jina moja laweza kuwa na kazi mbili mbalimbali, na kazi moja majina mawili.

Jambo hili halikuwa geni katika Ufipa. Wazee husimulia kwamba mwenye nchi wa kwanza alikuwa Mwene wa Milansi. Siku moja, naye yuko porini akiwinda, walifika wanawake wageni wa ukoo wa Watwa, wakakalia kiti chake. Aliporudi, ufalme ulikuwa umekwisha kutoka mikononi mwake. Watwa wakatawala nchi, na baadaye nchi ikagawanyika sehemu mbili, Nkansi na Lyangalile. Lakini Milansi iliachiwa heshima ya kuwa ya kwanza, pamoja na kazi za matambiko. Basi Wafipa walijua tangu kale kwamba aketiye juu ya kiti si yeye peke yake aishikaye nchi.

Habari za jimbo letu hazikuanzia Sumbawanga, bali Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Ufipa, mahali palipo leo katika mkoa wa Katavi. Wabelgiji walijenga boma pale mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaliacha mikononi mwa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1868. Kutoka huko ziwani ndipo mapadre walipopanda polepole mpaka nyanda za juu za Ufipa, na kushuka tena mpaka bonde la Rukwa. Kirando, Kala, Kate, Mwazye, Zimba, Chala: majina haya kila Mkristo wa hapa ayajua.

Askofu wa siku zile hakuitwa askofu wa Karema. Aliitwa Vikari wa Kitume, maana yake mwakilishi. Alikuwa na uaskofu kamili, lakini nchi aliitunza kwa niaba ya Papa, kwa kuwa Kanisa la mahali lilikuwa bado changa mno kuwa jimbo. Askofu Léonce Bridoux alipewa kazi hiyo mwaka 1888, akafariki mwaka 1890. Akafuata Askofu Adolphe Lechaptois mwaka 1891, akaishika kwa miaka ishirini na sita. Ndiye aliyeanzisha mwaka 1907 shirika la masista wenyeji, Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Alifariki mwaka 1917, katikati ya vita kuu. Askofu Joseph-Marie Birraux akaja kushika mahali pake mwaka 1920.

Twamwomba msomaji aitazame tena miaka hiyo. Kati ya 1917 na 1920 kiti cha askofu kilikuwa kitupu. Vita vilikuwa vimewapeleka vijana wengi kubeba mizigo ya majeshi, na mwaka 1918 homa kubwa ya mafua ikaenea katika Afrika ya Mashariki, ikaua watu wengi. Mapadre walikuwa wachache, na vijiji vyao vilitengwa na mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Ni nani basi aliyekaa kijijini usiku ule mgonjwa alipokata roho? Kwa kawaida ni mwalimu.

Kazi yake haikuwa ndogo. Kardinali Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake wasimbatize mtu mzima kabla hajajaribiwa na kufundishwa miaka minne. Padre mmoja hakuweza kuwafundisha watu wa vijiji vyote miaka minne. Mwalimu ndiye aliyefanya hivyo, siku baada ya siku, chini ya mti au katika kibanda cha nyasi. Aliwafundisha sala na mafundisho ya dini, na mara nyingi kusoma na kuandika. Siku ya Bwana, padre asipokuwapo, aliwaongoza watu katika sala. Aliwatazama wagonjwa, akambatiza aliyekuwa karibu kufa, akawazika wafu, akapatanisha mume na mke. Hakuweza kuadhimisha Misa, wala kuondolea dhambi, wala kuwapaka wagonjwa mafuta matakatifu. Hayo ni ya padre. Lakini padre alipofika baada ya miezi, alikuta watu waliokwisha kutayarishwa. Mke wa mwalimu naye alifanya kazi pamoja naye kati ya wanawake, wala hakuwa na cheo chochote.

Posho yake ilikuwa kidogo. Vijana wenzake walikwenda kutafuta mshahara katika mashamba ya katani na machimbo ya dhahabu ya Lupa, wakarudi na nguo na baiskeli. Yeye alibaki na kitabu chake na kengele yake. Tusiwahukumu wale walioacha kazi hiyo wakaenda. Bali tuwaheshimu waliobaki.

Twamjua mmoja ambaye jina lake halikupotea: Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alitekwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara. Mapadre Weupe walimkomboa, wakamsomesha, kisha akajifunza uganga katika kisiwa cha Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akakaa pale mpaka kufa kwake mwaka 1956: miaka sitini na saba. Alitibu Wakristo na wasio Wakristo, akamwoa binti wa mtemi wa Wabende, na mwanawe Joseph akawa padre. Baba hakuwa padre wala bruda. Cheo chake katika Kanisa kilikuwa katekista, na kwa cheo hicho alikufa. Leo hospitali ya mjini Sumbawanga yaitwa kwa jina lake. Tazameni, mtu aliyeuzwa kama bidhaa, asiye na ukoo katika nchi hii, ndiye aliyeachiwa kumbukumbu kubwa hivi.

Kutoka kwa watu kama hao Kanisa likakua. Mwaka 1946 vikariati ikapata jina la Karema, na mwaka 1953 ikawa jimbo kamili. Askofu hakuwa tena mwakilishi tu, bali mchungaji wa kiti chake mwenyewe. Mwaka 1958 kiti hicho kikakaliwa na Mwafrika, Askofu Charles Msakila. Katika siku zake, mwaka 1969, jimbo likapata jina la Sumbawanga. Naye aliliongoza mpaka 1994. Akaja Askofu Damian Kyaruzi mwaka 1997, na mwaka 2000 sehemu ya kaskazini, Karema ikiwamo, ikawa jimbo la Mpanda. Mwaka 2018 akapokewa Askofu Beatus Urassa. Hivyo mama, yaani Karema, leo yumo katika nyumba ya mtoto.

Wahenga walisema, mkubwa ni jaa. Kila takataka hutupwa kwake, naye hana budi kupokea. Methali hii yaeleza cheo kuliko vitabu vingi. Askofu ni jaa la jimbo, paroko ni jaa la parokia, na mwalimu ni jaa la kijiji. Bwana mwenyewe aliwaonya wanafunzi wake wasipende kuitwa majina makubwa, akawaosha miguu. Asiyetaka kupokea ya watu asitake jina.

Lakini yatupasa kutenda jambo, si kusifu tu. Katika kila parokia ya zamani viko vitabu vya ubatizo. Humo huandikwa jina la aliyebatiza. Na pale mwalimu alipombatiza mtu katika hatari ya kufa, jina lake limo. Liko pia katika orodha za wasimamizi, kwa wino uliofifia. Wako na wazee wachache wanaokumbuka ni nani aliyewafundisha baba zao sala ya kwanza. Wazee hao wanakwisha, na wino unafutika. Twaomba kila parokia imchague mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri, akae na vitabu hivyo na wazee hao, aandike majina ya walimu, kijiji kwa kijiji, na ya wake zao pia.

Nasi, yubilei nyingine itakapofika, tusisome majina ya maaskofu na mapadre peke yao. Tusome na ya wale waliopiga kengele asubuhi wakati padre yuko mbali.